Nimemwibia Mwanangu Kazi ya Nyumbani

Mpendwa Bu Retna wa ukurasa wa ushauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya huo msaada naomba usicheke, maana jambo langu nikilieleza kwa mdomo najua litachekesha, na ndiyo sababu nimeamua kuandika, tena naandika juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa na mlango nimeufunga, mteja akigonga nasema kichwa kinaniuma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Temanggung, mke wa Gunadi mtengeneza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mama wa binti mmoja, Ratri, ambaye yuko darasa la nane, mwaka wa pili wa sekondari ya chini. Mimi mwenyewe niliacha shule nikiwa darasa hilohilo la nane, na wala sikufukuzwa wala sikuwa mjinga, ni kwamba mama yangu alianguka akapooza upande mmoja, na kaka yangu akaja kunichukua shuleni katikati ya kipindi cha hesabu, mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameandika ubaoni 3x − 7 = x + 9 na ametugeukia na chaki mkononi aanze kutuonyesha, mimi nikafunga daftari nikatoka, na sikurudi tena. Sikuililia shule wakati ule, Bu, nilikuwa na mgonjwa wa kumgeuza na nguo za kufua, lakini ule mlinganyo ulikataa kuniacha, napiga pasi unanijia, nachuja mchele unanijia, na nilikuwa sijui hata nianzie wapi kuufungua.

Sasa mwaka wa shule ulipoanza nilikuwa navivalisha vitabu vya Ratri majalada ya karatasi ya kahawia, kama tunavyofanya akina mama wote, nikafungua kile cha hisabati nikichungulie tu, nikakuta sura nzima inaeleza jinsi ya kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa alama ya sawasawa kwenda upande wa pili, taratibu, bila haraka, mpaka mtu kama mimi anaelewa, nikachukua chaki ya kushonea nikaandika mlinganyo wangu juu ya kitambaa cha mteja, x moja nikaileta huku, saba nikaipeleka kule, ikatoka nane. Miaka yote ile, Bu Retna, ilikuwa nane tu. Nililia mpaka Gunadi akaja mbio kutoka uani, mikono imejaa maganda ya soya.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimepata nane."

"Nane ya nini?"

"Ya hesabu."

Akaniangalia, akakiangalia kitambaa. "Na mwenye blauzi akija, utamvalisha hiyo hesabu?" Akarudi kwenye soya zake anacheka, na mimi nikabaki pale natamani nyingine.

Hapo ndipo nilipopotea. Ratri akitoka shule anakula, anabadilisha nguo, anakwenda kusoma Kurani msikitini mpaka karibu na magharibi, na mkoba wake anauacha juu ya kiti pembeni ya cherehani yangu, na ndani ya mkoba kuna kazi ya nyumbani. Siku ya kwanza nilisema nitaangalia moja tu. Nikafanya moja, nikafanya ya pili kuhakikisha ya kwanza haikuwa bahati, halafu nikaona zimebaki chache nikasema zisije zikamchosha mtoto, nikazimaliza. Aliporudi akakuta karatasi juu ya meza.

"Mama! Umefanya zote?"

"Nilikuwa najaribu tu, nduk, binti yangu."

"Haya, mimi nafurahi, nitanakili. Lakini kesho niachie ile ya mwisho. Moja tu, Mama, nione kama naweza."

"Nitakuachia."

Sikumwachia. Kesho yake ile ya mwisho ilikuwa ya pembetatu, imechorwa vizuri na kimraba kidogo kwenye pembe, wamekupa pembe mbili wanataka ya tatu, na mkono wangu ulikwenda wenyewe. Akaomba tena siku nyingine, kisha akaacha kuomba, akawa anarudi, ananakili kwa mwandiko wake, anafunga daftari, na mimi nilijifanya kuamini kwamba ananakili huku anaelewa.

Tena haikuishia kwetu nyumbani. Unajua haya makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa, jioni ikifika kila mama anauliza namba fulani wamepata ngapi, na siku moja waligombana sana kuhusu jibu, mmoja anasema kumi na tano, mwingine hasi kumi na tano, mimi nikapiga picha karatasi yangu nikaituma. Bu Hartini, mke wa mwenye duka la dawa, akaandika, "Jamani, kumbe tuna profesa humu!" Tangu siku hiyo ikawa ikifika jioni wananiita, "Mama Ratri, bado? Watoto wanataka kulala," "Mama Ratri, leo umetusahau?" na mimi natuma. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba sikumaliza hata sekondari ya chini. Nilikuwa natembea sokoni kichwa kimesimama, Bu, nakiri, nilijiona mtu.

Sasa sikia nilivyoumbuka. Wiki iliyopita mwalimu wao, Bu Kustiyah, aliwapa swali la kitambaa cha meza cha umbo la mstatili, mzingo wake sentimita 480, urefu umezidi upana kwa sentimita 40, tafuta urefu na upana. Kitambaa cha meza, Bu Retna! Mimi si ndiyo kazi yangu? Nikafanya harakaharaka kwa furaha, nikapata upana mia moja na urefu mia moja arobaini, na kabla sijaweka kalamu chini nikaongeza sentimita nne huku na nne kule za kukunjia pindo, maana hakuna fundi anayekata kitambaa bila kuacha pa kukunja, mkono umezoea, sikuwaza hata kidogo. Nikaandika 104 na 144. Nikapiga picha. Nikatuma.

Darasa zima likapeleka pindo langu kwa mwalimu.

Niliyopata kuyajua nimeyapata kwa Bu Hartini, ambaye mwanawe anasoma na Ratri. Bu Kustiyah alisahihisha daftari la kwanza, la pili, la tatu, akavua miwani, akawauliza, "Mzingo wa hiki kitambaa chenu umefika mia nne tisini na sita. Hizi kumi na sita zimetoka wapi? Nani kawashonea?" Ndipo Ratri wangu akasimama. Akasema, "Ni mimi, Bu. Mama ni fundi, nimezoea kumwona akiongeza pindo. Wenzangu walinakili kwangu." Mwalimu akamwambia vizuri, njoo mbele basi utufanyie nyingine kama hiyo, akamwandikia ubaoni, akampa chaki, na mwanangu akasimama mbele ya wenzake na chaki mkononi asijue aanzie wapi. Alisimama mpaka wakaanza kucheka.

Bu, mimi najua mtu anavyosimama mbele ya mlinganyo ambao hakufundishwa kuufungua. Nilimfanyia mwanangu kitu kilekile nilichofanyiwa na dunia.

Sasa Bu Kustiyah amezuia alama zake zote za kazi za nyumbani za muhula huu mpaka ajue ukweli, na mtihani wenyewe wa hisabati alianguka vibaya, bila hizo alama atarudia darasa, na mtoto ameshikilia neno lake kwamba ni yeye. Jana nilimkalisha chini nikamwuliza kwa nini hakusema ukweli. Alikuwa anachuna mkeka kwa kucha, haniangalii.

"Nikisema ni wewe, utaacha."

"Si ndiyo vizuri niache?"

"Mama, ukiwa unafanya hesabu unaimba. Ukishona huimbi."

Niliingia jikoni nikajifanya nakaanga tempe.

Nimefikiria kwenda kwa mwalimu, lakini nikisema itabidi nieleze na jinsi nilivyoacha shule, na kundi zima litajua, Bu Hartini atajua kwamba profesa wake hana hata cheti, na Gunadi ambaye anadhani nilicheza mara moja na chaki atajua kwamba kila siku alasiri nilikuwa naacha nguo za watu nainamia daftari la mtoto. Nisiposema, mwanangu ndiye anayerudia darasa kwa kosa langu. Na kuna jingine naona aibu hata kuliandika. Juzi Ratri alipokwenda msikitini mkoba aliuacha palepale kwenye kiti, na mimi nilikaa nauangalia, mikono nimeikalia, na hamu iliyonishika, Bu Retna, sijawahi kuwa na hamu hiyo hata nilipokuwa mchumba. Si hamu ya majibu. Ni hamu ya lile dawati, ya harufu ya chaki, ya mwalimu kugeuka akasema nani anajua na mimi ninyooshe mkono. Nina umri wa kuozesha binti karibuni, na bado natamani kunyoosha mkono. Hii hamu niifanyeje? Kuna dua, kuna dawa? Nisaidie.

Ni mimi Mama R., Temanggung

---

Mama R.,

Uliniomba nisicheke. Umechelewa, nilishacheka pale penye pindo, nikamsomea na mhariri naye akacheka mpaka akamwaga chai. Halafu tukafika pale mtoto anaposimama ubaoni, na hapo hakucheka mtu humu ofisini.

Nianze na ukali, maana ukiachiwa wewe utaendelea kujiliwaza. Umeandika kwamba umemfanyia mwanao kitu ulichofanyiwa na dunia. Dunia haikuwa na habari nawe, bibi wee. Mama yako alipooza, kaka yako akaja kukuchukua, hakuna aliyekusudia. Wewe lakini uliombwa. Mtoto alisema kwa mdomo wake, "Niachie moja, nione kama naweza," na wewe ukaahidi, na kesho yake ukaila na hiyo. Mzazi gani nchi hii anaombwa na mtoto wa miaka kumi na nne aachiwe hesabu? Mimi nimelea wanne, hakuna aliyewahi kuniomba hivyo, wote walinikimbilia na daftari mkononi niwafanyie. Wewe umepewa mmoja anayetaka, ukamnyang'anya tonge mdomoni kwa sababu lilikuwa tamu.

Na hao wenzako wa kwenye kundi wasijidai. Bu Hartini na wenziwe wote wamewafanyia watoto wao hivyohivyo, tofauti ni kwamba wewe ulifanya kwa mapenzi, wao walifanya ili watoto walale mapema. Kwa hiyo usiogope kucheka kwao. Anayetaka kukucheka aulizwe kwanza kwa nini hakuona kwamba 104 na 144 hazitoi mzingo wa 480. Hakuna hata mama mmoja aliyejumlisha! Walimwamini profesa, wakapeleka pindo.

Sasa nikupe pole, maana unastahili. Nasoma barua za ukurasa huu tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Waume, wakwe, mashamba, wivu. Sijawahi kupata barua ya mtu aliyelia kwa sababu amepata nane. Mimi mwenyewe aljebra ilinishinda, nikiiona x nageuza ukurasa, kwa hiyo siwezi kusema nakuelewa sawasawa. Lakini najua mtu mwenye kiu, na wewe umekaa na kiu tangu utoto, ukajiambia huna nafasi, mpaka siku ulipopata maji ya mwenzako ukayanywa yote. Kosa ni kwamba yalikuwa ya mwenzako. Kiu yenyewe haina kosa lolote, na naomba usimwendee mtu yeyote akupe dua ya kuiondoa.

Umeniuliza mambo mawili makubwa, kwenda kwa mwalimu au kutokwenda, na hamu yako uifanyeje. Kwangu mimi ni jambo moja, nitakwambia kwa nini.

Kwanza mumeo. Leo, kabla ya kula. Usimpe utangulizi mrefu, mwambie ulichofanya na mwambie kwamba kuanzia sasa kuna jioni hutakuwepo nyumbani. Atatania. Mwanamume aliyekuja mbio na maganda ya soya mikononi akidhani umefiwa si mwanamume wa kuogopwa. Mwache atanie, halafu mwulize nani atapika siku hizo.

Kundi la wazazi, ujumbe mmoja mfupi, bila picha na bila kujidhalilisha. Andika kwamba majibu yalikuwa yako, si ya Ratri, kosa la pindo lilikuwa lako, na kuanzia leo hutatuma tena kwa sababu watoto wanatakiwa wafanye wenyewe. Suala la cheti chako haliwahusu, wakitaka kuuliza wataulizana wenyewe. Simu uizime, ukashone.

Ratri. Huyu ndiye anayeniuma. Mtoto ameona mama yake anaimba kwa mara ya kwanza katika maisha, akaamua ni heri arudie darasa kuliko kuukosa huo wimbo. Ni mtoto mwema kupita kiasi na wema huo utamdhuru usipomtua mzigo. Usimwambie "nimeacha". Hatakuamini, na atajiona yeye ndiye aliyekunyima. Mwambie unahamia. Tafuta daftari lako mwenyewe, livalishe karatasi ya kahawia, liandike jina lako juu kwa herufi kubwa, jina lako hasa, si Mama wa fulani. Jioni mtakaa meza moja, yeye na lake na wewe na lako. Lake huligusi. Hata ukiona amehamisha saba upande usiostahili, jiume ulimi mpaka yeye mwenyewe akuite. Atakosea sana kwa muda. Mwache akosee, ni zamu yake.

Na lako hilo daftari utalipeleka wapi? Mama R., hivi kweli unaishi Temanggung na hujui kwamba kuna madarasa ya Paket B? Yapo kwa watu walioacha sekondari ya chini njiani, wauza mboga, madereva, mabibi wenye wajukuu, wanakaa jioni kwenye madawati yaleyale ya watoto magoti yakigonga juu, na mwisho wake wanafanya mtihani wa serikali na kupata cheti. Sasa hivi huko kuna mwalimu amesimama mbele ya ubao anauliza nani anajua, na darasa limeinamisha vichwa. Anakusubiri wewe uliyekaa nyumbani umekalia mikono.

Kwa hiyo nenda kwa Bu Kustiyah. Usimtume mtu, usiandike barua, barua umeshaandika ya kutosha. Nenda asubuhi kabla kengele haijagongwa, uvae vizuri, nguo uliyojishonea mwenyewe. Mtoto asiwepo wakati unasema. Mwombe mwalimu amfundishe Ratri upya tangu mwanzo wa muhula na ampe mtihani mwingine, na umwulize pia madarasa ya watu wazima yanaandikisha lini, maana walimu wengi wa mchana ndio haohao wa jioni, na sitashangaa akikwambia ni yeye.

Lakini najua utafika mlangoni na maneno yote yatakutoka, utaanza kuomba radhi na kuzungumzia pindo. Basi nakupa maneno yenyewe, yakariri njiani. "Kazi ile niliifanya mimi. Mtoto hana kosa. Nataka kusoma." Mawili ya kwanza unaweza kuyasema huku umeinamisha kichwa, nitakuelewa. La tatu, nyanyua uso, ulitamke mpaka walio darasani walisikie.

Bu Retna